Hodi ya Tatu

Mlango ulikataa kufunguka, tena ulikataa mbele ya watu.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya kwanza ya maonyesho ya michezo ya kompyuta kwenye ule ukumbi mkubwa wa Darling Harbour, Australia. Kampuni zenye uwezo zilikuwa zimejenga majumba mazima humo ndani, zikatundika taa na kuwavisha vijana mavazi ya mashetani. Studio ya Kibaraza ilikuwa na meza moja iliyotandikwa kanga, skrini mbili na viti vinne vya kukunja vilivyoletwa kwa treni kutoka kwao Toongabbie. Wenye studio walikuwa watatu: Fawzia, aliyeandika programu ya mchezo, mumewe Sabri, aliyechora kila nyumba na kila uso, na Masumbuko, Mkongo wa Mount Druitt, aliyetengeneza sauti. Miaka minne ya watu watatu ilikuwa juu ya meza ile, na gereji waliyofanyia kazi ilikuwa imebaki nyumbani ikinuka rangi na chai.

Mchezo wenyewe waliuita Nyumba Arubaini. Mchezaji huwa binti wa mji wa pwani anayetumwa kualika harusi nyumba kwa nyumba, kwa mdomo, kama ilivyofanywa kabla watu hawajazoea kadi. Ana siku saba. Nyumba ikirukwa hununa, na mtu aliyenuna hasahau. Atakuja kukumbusha siku ya harusi yenyewe, mbele ya sinia. Hamna bunduki humo wala joka, na bado aliyeucheza alikuwa akitoka jasho la viganja.

Aliyekaa kitini saa ile alikuwa Mwingereza wa makamo aitwaye Diane, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Kampuni yake huko Uingereza ilikuwa ikitafuta michezo midogo ya kuisambaza dunia nzima. Fawzia alikuwa amemwandikia barua tano kabla hajakubali kupita kwenye meza yao, na wote watatu walijua kwamba kiti kile na mtu yule ndiyo sababu ya kukodi meza.

Diane alimfikisha binti kwenye nyumba ya kwanza. Akausifu mlango, kwa kuwa Sabri aliuchora kwa wiki tatu, kila ua na kila msumari. Akabonyeza kitufe cha kufungua. Kimya. Akabonyeza tena. Akajaribu vitufe vyote, akamrudisha binti nyuma, akamkimbiza, akamgongesha na mlango mara nne.

Fawzia alisimama nyuma yake akitabasamu. Alidhani mgeni anastarehe. Zilipita dakika tano, zikawa kumi, na watu wakaanza kukusanyika kama wanavyokusanyika penye gari lililokwama.

"Ni mchezo wa kutazama mlango, bwana," kijana mmoja alimwambia mwenzake, wakacheka, na walio karibu wakacheka pia.

Masumbuko aliinama sikioni mwa Fawzia. "Fawzia, mbona huyu mama hapigi hodi?"

Hapo ndipo Fawzia alipoelewa. Alitazama skrini akaiona kwa macho ya mgeni. Kitufe cha kusema kilikuwepo, chini kushoto, na alama ya mdomo juu yake. Lakini katika miaka minne hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kuandika mahali popote kwamba kabla hujaingia nyumba ya mtu, unapiga hodi. Waliojaribu mchezo kabla ya siku ile walikuwa Zilpah, nesi wa Kikenya aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwao, na wanakwaya wenzake. Walikuwa binamu za Masumbuko, na mama mkwe wa Fawzia. Wote hao walifika mlangoni, wakatafuta kitufe cha kusema, wakapiga hodi, wakaingia. Hakuna aliyekwama, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba kuna mahali pa kukwama.

Fawzia akainama, akamwonyesha Diane kitufe. Binti akasema hodi. Ndani kulisikika kiti kikisogezwa na mtu akinong'ona, lakini mlango haukufunguka upesi. Ulichukua sekunde sita, kwa makusudi.

"Sasa kwa nini nasubiri?" Diane aliuliza.

"Kwa sababu ndani kuna watu."

Diane aliweka padi ya kuchezea mezani taratibu, kama daktari anayejiandaa kutoa habari. Akasema naye zamani alikuwa na studio. Walikuwa sita, juu ya duka la samaki na viazi katika mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, na mchezo wao ulikuwa na mvua isiyokatika, mpaka mchezaji alazimike kujikinga barazani na kungoja. "Wachezaji hawapendi kungoja," alisema. "Sisi tulijifunza kwa machungu." Akawashukuru, akachukua kadi yao, akaondoka.

Kwenye treni ya kurudi viti vya kukunja viliwaangukia miguuni kila kituo, wala hakuna aliyevisimamisha.

*

Jumatatu barua ilikuja. Diane aliandika kwamba picha zinapendeza na sauti hajapata kusikia mfano wake. Kampuni ilikuwa tayari kutia saini kwa sharti moja tu. Hodi itolewe, milango ifunguke kwa kitufe kama michezo mingine yote. Walipewa wiki mbili.

Sabri aliisoma akiwa amesimama jikoni, fulana ya kazi bado mwilini. Alikuwa anaanza kazi ghalani alfajiri, karibu na Mount Druitt, na kurudi alasiri mgongo ukiwa hauinami wala haunyooki.

"Alhamdulillahi," alisema. "Kitufe kimoja tu."

"Si kitufe, Sabri."

"Fawzia, hebu. Wenzetu wanaambiwa wabadilishe mchezo mzima. Sie tunaambiwa mlango."

"Mlango ndio mchezo."

"Mie ninayeinua makasha naambiwa mlango ndio mchezo!" Alijuta kabla hajamaliza, lakini aliendelea, maana uchovu hauna breki. "Tulikubaliana miaka minne. Imekwisha. Wale wa bima Parramatta wanataka jibu lako, na ukirudi kule gereji inafungwa. Usiniambie habari ya wikendi. Studio ya wikendi ni kabati la vitu vya zamani."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma Fawzia. Ofisi ya bima ilikuwa imemwandikia mara mbili kumrudisha kwenye meza yake ya zamani, na jibu la mwisho lilikuwa Jumatatu baada ya wiki mbili. Isitoshe, alikuwa amechoka kuchekwa. Kwenye harusi moja Fairfield, mwanamke wa makamo alimwuliza mbele ya sahani za watu, "Fawzia, bado unacheza game?" kwa sauti ile wanayoulizwa watoto wasiotaka kuacha chuchu. Alicheka pamoja nao. Alipofika nyumbani alilia bafuni, bomba likiwa wazi.

Basi akaenda gerejini akaitoa hodi. Kazi aliyoifikiria, kuibomoa na kuijenga upya kwa mwaka mzima, ilimchukua dakika ishirini kuiondoa. Alikaa akitazama skrini, mikono mapajani.

Bi Kijakazi, mamake Sabri, aliingia na kikombe cha chai. Alikuwa mwanamke wa Tanga, Ngamiani, mwenye miaka sabini na mbili, aliyekuja Australia kwa ajili ya mwanawe na kubaki kwa ajili ya bustani yake ya mchicha. Yeye ndiye aliyekuwa sauti ya wanawake wote wa nyumba arubaini: mwenye mafua, mwenye kiburi, mjane, mwenye duka, bibi asiyesikia vizuri. Kiingereza chake kilimtosha dukani na hospitali, lakini mchezo ule aliujua kuliko aliyeuandika.

"Lete nicheze," alisema. "Nimalize nyumba ya ukoo wa Mwinyi, wale wana maringo."

Fawzia akampa padi. Bi Kijakazi akamfikisha binti mlangoni, mlango ukafunguka wenyewe, na binti akaingia moja kwa moja mpaka chumbani. Mwanamume wa nyumba alikuwa kifua wazi, anakula. Mkewe alikuwa anasuka nywele.

"Khaa!" Bi Kijakazi aliziba macho kwa upande wa kanga. "Kaingia mpaka ndani?"

"Ndiyo, mama. Milango iko wazi siku hizi."

"Hata salamu? Mume wa watu kavua shati, mtoto wa kike kamsimamia mbele ya sahani! Huyu si mwalikaji, huyu mwizi. Harusi hiyo mie siendi, na mwambieni bibi harusi asiniletee hata pilau."

Sabri alikuwa mlangoni. Alianza kucheka, kisha kicheko kikamwisha. Aliwatazama mume na mke wa kwenye skrini aliowachora yeye. Kila nyumba aliichora mara mbili: watu walivyo peke yao, na watu walivyo mgeni akishakaribishwa, shati limevaliwa, kichwa kimefunikwa, sufuria imesogezwa, mtoto ametumwa kuleta kiti. Sekunde sita za hodi zilikuwa za kutoka picha moja kwenda nyingine. Mwezi mzima alirudi kutoka ghalani akachora mikono ya watu wanaojitengeneza kwa ajili ya mgeni, na kazi ile ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

"Irudishe," alisema.

"Sabri—"

"Irudishe, Fawzia. Mie nimechora watu wanaopokea mgeni. Hapa hamna mgeni, pana mtu tu kaingia."

Fawzia alimtazama, akaona kwamba hasemi kwa kumfurahisha. "Na wale watu wa bima?"

Bi Kijakazi akaweka padi chini. "Na nyie nanyi mna makosa. Yule mama wa Kizungu nani kamfundisha? Mtoto hazaliwi na hodi mdomoni. Sabri huyu nilimfinya sikio mpaka likawa jekundu ndipo akajua. Nyie mmemwacha mgeni nje, hamkumwambia neno, kisha mnamshangaa haingii."

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka minne walikuwa wakinywa maji wakasahau kwamba kuna watu hawajui kikombe kinashikwa wapi.

*

Jumamosi Masumbuko alikuja na kipaza sauti chake na pumu ya chavua ya majira yale. Studio ya kurekodia ya Kibaraza ilikuwa kabati la nguo la chumbani, godoro likisimamishwa mlangoni kuzuia kelele za ndege wa kwenye nyaya. Bi Kijakazi alikalishwa humo kwenye kigoda, katikati ya mashati ya mwanawe.

"Mama Mukubwa," Masumbuko alisema, "sasa kuko mutoto anasukuma mulango ya watu. Wewe uko jirani, unamuona. Umugombeze."

"Mtoto wa nani?"

"Hakuna mutoto ya kweli."

"Basi nitamgombezaje? Simjui, hajanikosea."

Walijaribu mara tano. Kila mara sauti ilitoka ya upole, ya bibi anayeomba msaada wa kuvuka barabara. Mwishowe Masumbuko akasogeza godoro, akamvuta Sabri kwa mkono, akamsimamisha mbele ya kabati. "Bon. Mutoto ni huyu."

Bi Kijakazi akamtazama mwanawe, mwenye miaka arubaini na tatu na mvi za kwanza kidevuni, na kitu kikamrudia.

"We mtoto! Huo mlango wa watu au wa zizi? Rudi nyuma. Simama pembeni, usielekeze macho ndani. Haya, piga hodi. Hawajaitika? Ngoja, piga tena. Ya tatu wasipoitika, geuka uende zako, wala usichungulie dirishani. Watu wana yao. Ukirudi, urudi na adabu."

Masumbuko alishikilia vipokea sauti masikioni, amefumba macho. "Hapa ni kufunga kazi," alisema. "Hata miye nimeogopa."

Sabri alimchora jirani yule siku ileile, mnene, ufagio mkononi, kanga begani. Fawzia akaandika tafsiri ya Kiingereza chini ya maneno yake. Kuanzia hapo mchezaji yeyote akiusukuma mlango wa kwanza, bibi hutokeza upande wa pili wa njia na kumsomesha. Walipomaliza, Zilpah aliitwa aone. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Aki huyu ni shosho yangu mzaa mama! Niliona tu kila mtu anajua. Kumbe hawa Wazungu hutuingilia nyumbani hivyo kwa sababu hakuna mtu aliwaambia!"

Barua waliyoambatanisha na mchezo ilikuwa ya mistari mitatu. Fawzia aliandika kwamba kosa lilikuwa lao, hawakumfundisha mgeni, kosa hilo wamelirekebisha, hodi haitoki. Mkono wake ulipofika kwenye kitufe cha kutuma ulisita, na Sabri ndiye aliyebonyeza.

*

Siku zikapita. Diane hakujibu Jumapili, wala Jumanne, wala Alhamisi. Sabri aliendelea kwenda ghalani, ambako msimamizi alikuwa akimwita "mtu wa game" kila akichelewesha kasha. Fawzia aliandika barua ya kukubali kazi ya bima, akaiacha bila kuituma. Kila asubuhi aliifungua, akasahihisha nukta moja, akaifunga.

Ijumaa yake ujumbe ukaingia. Diane alisema angali Australia, ataruka Jumatatu, na angependa kufika nyumbani kwao Jumapili saa kumi alasiri kama haitakuwa usumbufu. Hakusema anakuja kwa lipi.

"Anakuja kutuaga kwa heshima," Sabri alisema. "Jibu la ndiyo hutumwa kwa barua. La hapana huletwa na mtu mwenyewe."

"Ama anakuja kuona gereji, aamini kwamba tupo," Fawzia alisema, lakini naye hakujiamini.

Hata hivyo mgeni ni mgeni. Bi Kijakazi alikaanga kaimati na kuchemsha chai ya tangawizi. Zilpah alileta seti ya vikombe isiyo na ufa. Sabri alifagia gereji, kisha akairudia. Jumapili ile, kama Jumapili nyingi, reli ilikuwa kwenye matengenezo na mabasi yalichukua nafasi ya treni kutoka Parramatta, kwa hiyo Fawzia na mumewe walikwenda stesheni mapema kumpokea, asije akapotea. Walimwacha mama peke yake, wakijua kwamba mgeni atafika akiwa mikononi mwao.

Lakini Diane alikuwa ameiona foleni ya mabasi pale Parramatta akakata tamaa. Simu yake ilikuwa imezima. Anwani aliiandika kwenye karatasi. Akachukua teksi, akashushwa mbele ya nyumba saa kumi kasoro dakika saba.

Bi Kijakazi alikuwa amesimama kwenye msala chumbani, rakaa ya tatu ya alasiri.

"Hodi!"

Sauti ilikuwa ngeni, lakini neno halikuwa geni. Bi Kijakazi alipaza takbira kidogo, kama afanyavyo mtu aliye kwenye sala ili aliye nje ajue na angoje. Jirani wa kushoto alikuwa anakata majani kwa mashine, na mashine ikaimeza takbira yote.

"Hodi!"

Ulikuwa umepita muda wa adabu kati ya hodi ya kwanza na ya pili. Mgeni huyu hakuwa na papara. Bi Kijakazi alitambua sasa ni nani. Sala haikatwi kwa ajili ya mgeni. Na mgeni aliyefundishwa vizuri hapigi hodi ya nne, tena huyu alifundishwa na yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, ndani ya kabati.

"Hodi!"

Kisha hatua zikashuka ngazi, zikapita kando ya dirisha la chumbani. Kivuli hakikusimama. Hakikuchungulia.

Rakaa ya nne ilikwenda kwa kasi ambayo Bi Kijakazi aliiombea msamaha jioni yake. Alitoa salamu kulia, akatoa kushoto, akatoka na kanga ya sala kichwani, miguu mitupu, bila kujali mlango aliouacha ukipigapiga nyuma yake. Barazani hapakuwa na mtu. Alifika kwenye lango, njia nyeupe. Mashine ya jirani ilinyamaza. Mbali kule pembeni, kwenye benchi la kituo cha basi, alikuwepo mwanamke wa Kizungu, karatasi mkononi, amempa mgongo.

Kama angejua Kiingereza cha kumwita mtu kwa mbali, angekitumia. Alilokuwa nalo Bi Kijakazi ni neno moja, alilolisema nyumba arubaini kwa namna arubaini, akajaza pumzi akalitoa kama anavyolitoa mwenye nyumba aliyefurahi:

"Karibu!"

Diane aligeuka. Hakugeuka kama mtu aliyeshtuliwa. Aligeuka kama anayemsikia mtu wa kwao, maana sauti ile aliijua. Alikuwa ameisikia siku nane mfululizo nyuma ya milango: ya mwenye mafua, ya mjane, ya mwenye duka, ya bibi asiyesikia. Alisimama, miwani ikimgonga kifuani, akaanza kurudi kwa haraka, na bibi mwenye miguu mitupu akaanza kumfuata, wakakutana katikati ya njia mbele ya nyumba ya Zilpah.

*

Fawzia na Sabri waliyapokea mabasi manne. Basi la nne lilipokwisha kushusha watu, Sabri akamshika mkewe bega.

"Twende nyumbani."

Walishika njia. Fawzia alikuwa akiisoma kichwani ile barua ya bima, ambayo haikuwa na nukta ya kusahihisha tena. Walipofika barazani, Sabri akanyoosha mkono kusukuma mlango, na Fawzia akaushika. Kando ya kandambili za mama palikuwa na viatu vya kahawia vya kike, vimepangwa sambamba, na ndani watu wawili walikuwa wakicheka.

Hajui mpaka leo kilichomtuma. Alisimama pembeni ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, akageuza uso.

"Hodi," alisema.

Ndani pakasikika kiti kikisogezwa, na mtu akinong'ona. Kisha sauti mbili zikaitika pamoja, moja ya Tanga na moja ya Uingereza:

"Karibu!"

Diane alikuwa amekaa mkekani, kikombe cha Zilpah mkononi, kaimati moja imebaki kwenye sahani. Hakungoja waulize. Alisema ile habari ya mvua hakuwaeleza mwisho wake. Kampuni iliyowasambazia iliwaambia waitoe mvua, nao wakaitoa, kwa sababu walikuwa na njaa. Mchezo ukatoka. Watu wakasema unafanana na mingine yote, na studio ile ya watu sita ikafungwa mwaka uleule. "Tulifunga baada ya kuitoa," alisema, "na miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mvua ndiyo iliyotuua."

Akavuta bahasha kutoka mkobani. "Bibi wa ufagio alinigombeza nikaona aibu. Sijagombezwa hivyo tangu nina miaka saba. Nikapiga hodi. Nyumba ya thelathini na moja hawakuitika, nikaondoka nimekasirika. Niliporudi kesho yake nikakuta ndani kulikuwa na mgonjwa. Sikulala vizuri." Akaiweka bahasha, mkataba ndani yake, mbele ya Fawzia. "Mlango usiguswe. Nimesema hivyo kwa wenzangu, na wamekubali. Ila nina ombi la kubadilisha kitu kimoja."

Fawzia akamtazama mgeni machoni, na safari hii hakutabasamu. "Kitu gani?"

"Hodi ya tatu ikikosa jibu, mchezaji anaondoka, basi, yamekwisha. Lakini hayajaisha. Leo nimejua." Alimwelekea Bi Kijakazi. "Nataka mara moja, katika nyumba moja, mchezaji akishafika pembeni ya njia, mama atoke mbio miguu mitupu amwite. Hilo halimo. Nalitaka liwemo."

Fawzia alitafsiri mpaka katikati, na Sabri akamalizia. Fawzia hakuwa na haja ya kujificha bafuni siku ile. Alilia palepale mkekani mbele ya mgeni, na kichwa chake kilikuwa juu.

Bi Kijakazi alisikiliza mpaka mwisho. Akajitazama miguu, iliyokuwa na vumbi la njia, kisha akaitazama kanga yake ya sala iliyofuliwa mpaka ikakosa rangi.

"Mwambie tumekubali," alisema. "Ila Sabri, ukinichora, nivike ile kanga mpya. Dunia nzima itaniona."